Kigango Kina Mwenyewe

Nyumbani ninalo daftari kuukuu nililobandika picha za maajabu tangu ujana wangu. Yumo Buraki mwenye uso wa binadamu na mbawa. Yumo nguva, ambaye mabaharia walimdhani mwanamke. Mwalimu wangu wa chuoni, Mungu amrehemu, hakupenda masanamu. Angaliliona daftari hilo, ningalionja bakora.

Ukurasa mmoja hunitia fikira: wenye picha ya vigango. Kwa wasiovijua, vigango ni mbao ndefu za mti mgumu, zenye nakshi, ambazo Wagiriama huwasimamishia wazee wa chama cha Gohu waliofariki. Mimi dini yangu ni nyingine, lakini adabu naijua: kigango kikishasimamishwa hakiondolewi, kwani ndicho kiti cha roho ya mzee.

Walakini viling'olewa usiku, vikauzwa kwa watalii na madalali, vikaishia katika majumba ya makumbusho ya Marekani. Huko vikasifiwa kwa uzuri na ugeni wake. Lakini ni vya nani? Hakuna aliyeuliza.

Mwaka 1985 mtaalamu Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja karibu na vigango viwili alivyowasimamishia nduguze. Muda si muda vikaibwa. Miaka mingi baadaye vikatambuliwa, kimoja katika Illinois State Museum, cha pili katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton. Shahidi alikuwa ile picha. Kufikia mwaka 2007 vyote viwili vilikuwa vimerudi.

Tangu hapo makumbusho ya Denver yamerudisha 30 mwaka 2019, na Illinois 37 mwaka 2023. Ni jambo la kushukuru. Lakini kurudi Kenya si kurudi nyumbani, maana vingi havijulikani vilitoka boma la nani. Mgeni asiye na jina atabisha mlango gani?

Basi nasema, kukusanya vizuri si dhambi. Dhambi ni kukusanya bila kuuliza mwenyewe. Picha yenye jina, mahali na mwaka ni hati ya haki. Isiyo navyo ni pambo tu. Vijana wa Kilifi na Malindi wenye simu za kamera wavipige picha vigango vilivyosalia, kwa idhini ya wazee, na majina wayaandike.

Nami nisijitoe lawamani. Jana nililifungua daftari langu, nikatazama chini ya ile picha ya vigango. Sikuwa nimeandika kitu.