MKUU WA MKOA SI BUNGE! Gobore la mkulima halitungiwi sheria kwa kipaza sauti

Ndugu msomaji, ukitoka Bagamoyo mjini ukashika barabara ya Msata, ukapita Kiwangwa kwenye mananasi, kisha ukaendelea hadi Miono na Mkange, utajionea jambo ambalo waheshimiwa wa kwenye viyoyozi hawalijui. Huku shamba halilindwi kwa tamko. Linalindwa kwa macho, kwa debe bovu la kupiga usiku kucha, na pale Mungu alipojalia, kwa gobore la babu lililofungwa waya kwenye mtutu.

Adui ni nguruwe pori. Usiku mmoja tu kundi lake linafagia nusu eka ya mihogo. Na wala asije mtu akatuambia kwamba wazee wa huku wanataka gobore ili wale nyama. Mzee wa Kikwere mwenye kibalaghashia ale nguruwe? Kunradhi! Anataka wanawe wapate ugali wa muhogo, basi.

Sasa mzee huyo ndiye aliyejikuta katika kapu moja na majambazi. Kulikoni?

Turudi nyuma kidogo. Machi 2016, Paul Makonda, akiwa ndiyo kwanza ameteuliwa kuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, alitangaza kwamba kila mwenye silaha mkoani humo aende akahakikiwe, na mwisho ni Julai 1. Amri hiyo haikukaa Dar es Salaam. Ilivuka mto Mpiji, zoezi likawa la nchi nzima, na wenye vibali halali, waliokwisha kuchunguzwa na kulipa ada, wakapanga foleni upya kuthibitisha kwamba wao si wezi.

Wapo watakaoniuliza: mambo ya 2016 ya nini leo? Nawajibu: bwana yule aliondoka kwenye kiti hicho, lakini mtindo umebaki. Tangu siku ile, mkuu wa mkoa au wa wilaya akiamka vibaya, anaita waandishi na kuinyoosha sheria ya silaha kama mpira wa manati, ifike pale anapotaka yeye. Jioni redio inasema "serikali imeagiza", na asubuhi mgambo wako mlangoni.

Mimi si mwanasheria. Nimeishia kidato cha nne na kalamu ndiyo jembe langu. Lakini kusoma najua. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ni Namba 2 ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Ilitungwa na Bunge. Katiba yetu, ibara ya 64, inasema mamlaka ya kutunga sheria ni ya Bunge. Waziri anaweza kutunga kanuni chini ya sheria, na kanuni hizo hutangazwa katika Gazeti la Serikali ili kila mtu azione. Masuala ya leseni yana msajili wake na yana polisi wake.

Mkuu wa mkoa yuko wapi hapo? Tunamtaka yeyote anayetoa amri ya namna hii atuonyeshe kifungu. Kifungu, si ngumi mezani!

Watetezi wake watakimbilia Sheria ya Tawala za Mikoa, Namba 19 ya 1997. Haya, tuifungue. Kifungu cha 7 kinampa mkuu wa mkoa uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani saa 48, na cha 15 kinampa mkuu wa wilaya uwezo huo huo. Lakini ni pale tu anapokuwa na sababu ya kuamini kwamba mtu huyo anahatarisha amani na hakuna njia nyingine ya kumzuia. Na zikiisha saa 48, mtu afikishwe mahakamani au aachiwe. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kwa kuwa unaweza kumfunga mtu siku mbili, basi unaweza pia kumtungia sheria. Kupewa ufunguo wa ghala si kupewa shamba.

Tatizo kubwa ni kwamba sheria zenyewe ziliandikwa kwa Kiingereza. Mpaka mwaka 2021 ndipo sheria ilipobadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa miaka yote hiyo, mkulima wa Mkange angeijuaje Sheria Namba 2 ya 2015? Aliijua kwa mdomo wa mkubwa. Kwa hiyo mdomo wa mkubwa ukawa ndiyo sheria. Akisema "silaha", yeye ndiye anayeamua kama ni bastola ya tajiri wa Masaki, gobore la Miono au sime ya mfugaji wa Chalinze.

Na msidhani ni mchezo. Mwaka huo huo wa 2016, Bunge lilirekebisha Sheria ya Uhujumu Uchumi. Kukutwa na bunduki au risasi bila kibali kukaingizwa humo. Kesi ya uhujumu inahitaji ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka, na adhabu iliyowekwa ni kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30. Soma tena, ndugu msomaji: isiyopungua miaka ishirini! Na huko mahakamani gobore limehesabiwa bunduki kama bunduki nyingine. Mzee wa miaka sitini akipewa ishirini, hiyo si hukumu ya kifungo. Ni kuchimbiwa kaburi kwa mkopo.

Sasa piga hesabu. Amri ya mdomo inasema asiyehakikiwa ni mhalifu. Kibali cha mzee kimeliwa na mchwa, au kilikuwa cha marehemu baba yake. Kituo kiko mbali, nauli hana. Akienda, anaogopa kukamatwa. Asipoenda, anaogopa kusakwa. Kati ya tamko la mkubwa na miaka 20 pana hatua moja tu, nayo ni jirani mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba.

Wakubwa wanasema: tunapambana na ujambazi. Hakuna Mtanzania mwenye akili timamu anayependa majambazi. Lakini tuulizane bila kuoneana haya: silaha za majambazi zilitoka wapi?

Januari 2015 kituo cha polisi cha Ikwiriri, huko Rufiji, kilivamiwa, askari wawili wakauawa na bunduki zikabebwa. Julai 2015 ikawa zamu ya Stakishari, Ukonga. Askari wanne wakauawa na silaha zikabebwa tena. Kisha likaja zoezi la uhakiki la 2016, kwa mbwembwe na picha magazetini. Haukupita mwaka tangu liishe. Aprili 13, 2017, askari wanane wakauawa Mkengeni, Kibiti, katika mkoa wetu huu huu wa Pwani, na bunduki zao zikachukuliwa.

Mungu awarehemu vijana wale, walikuwa watoto wa walalahoi kama sisi. Lakini je, waliouawa Mkengeni waliuawa kwa sababu mzee wa Kiwangwa hakuhakikiwa? Bunduki zilizobebwa siku zile zilitoka katika mikono ya dola, si uvunguni mwa kitanda cha mkulima. Jambazi hapangi foleni ya uhakiki. Anayepanga foleni ni mtu mwema.

Na tusiwe watu wa kusahau. Pwani hii inajua maana ya kunyang'anywa silaha kwa amri. Bushiri aliponyongwa na Wajerumani kule Pangani, Desemba 1889, haukupita mwaka wakubwa wa Ulaya wakakaa Brussels wakaandika mkataba wa 1890: bunduki za kisasa zisiuzwe kwa Mwafrika. Alichoachiwa, tena kwa masharti, ni gumegume na baruti ya kawaida. Hilo gumegume ndilo babu wa gobore la leo. Mkoloni, pamoja na ukatili wake wote, aliona kwamba gumegume si tishio kwa bunduki zake. Leo serikali yenye vifaru inaliona ni uhujumu uchumi!

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi. Mkuu wa mkoa ni mwenyekiti wa kamati ya usalama ya mkoa. Mtu huyo huyo ni mjumbe wa kamati ya siasa ya CCM mkoa. Asubuhi anakusanya orodha ya nani ana nini nyumbani kwake, jioni anakaa na wenzake kupanga ushindi wa chama. Hata angekuwa malaika, sisi wa upinzani tuna haki ya kuuliza orodha hiyo inalala wapi.

Hatusemi kila mtu awe na bunduki. Hapana. Tunasema nchi iendeshwe kwa sheria. Septemba na Oktoba 2023 serikali ilitoa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, ukatangazwa na kuwekewa tarehe, na aliyesalimisha hakushtakiwa. Kumbe inawezekana kufuata utaratibu! Lakini hata hapo, mkulima aliyepeleka gobore lake aliachiwa nini cha kumfukuzia nguruwe?

Basi madai yetu ni haya. Amri yoyote kuhusu silaha iwe kwa maandishi, kwa Kiswahili, na ionyeshe kifungu. Vibali vya magobore vishughulikiwe hadi kwenye kata, mzee asitembezwe siku mbili. Bunge lilitenganishe gobore na bunduki za kivita, na hakimu aachiwe uwezo wa kupima badala ya kufungwa mikono na miaka 20. Na wakuu wa mikoa warudi kwenye mipaka yao.

Asiyetaka hayo aje Mkange alale shambani usiku mmoja tu, yeye na tamko lake. Asubuhi tutahesabu mihogo iliyobaki.