Utamu wa Kuazima

Mtu atokaye Moshi mjini akashika njia ya kusini kuelekea Arusha Chini hupita katika joto la tambarare mpaka akakuta mashamba ya miwa yasiyo na mwisho machoni, nayo ni mashamba ya TPC, yaliyoanzishwa na watu wa Denmark katika miaka ya 1930 kwa jina la Tanganyika Planting Company. Na wakati wa mavuno, miwa inapochomwa kabla ya kukatwa, moshi wake huonekana kutoka mbali. Mtu huyohuyo akigeuka akapanda mlimani kwenda Kibosho, Uru au Marangu huingia katika vihamba vya migomba na mibuni, penye ubaridi na mlio wa maji ya mifongo, yaani mifereji ya kumwagilia. Basi sisi tukaao kati ya miwa na migomba tumezungukwa na utamu kwa chini na kwa juu, na kwa sababu hiyo naona kwamba jambo la kuchagua kitu cha kutia katika chai badala ya sukari, ambalo wengine hulihesabu kuwa ni anasa ya watu wachache wa mjini, ni jambo letu hasa.

Lugha yenyewe imeshuhudia mabadiliko. Zamani mtu akisema kwamba fulani ana sukari, ilifahamika kuwa anayo akiba kabatini. Leo maneno hayohayo hutamkwa kwa sauti ya chini, na muradi wake ni maradhi. Mwaka 1989 jarida la utabibu la The Lancet lilichapisha uchunguzi wa Donald McLarty na wenzake uliofanywa katika vijiji vya Tanzania, nao ulikuta kwamba wenye kisukari walikuwa chini ya mtu mmoja katika kila watu mia. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 ulikuta, katika watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, takriban watu tisa katika kila mia. Umri wa waliopimwa na mahali walipopimiwa havilingani sawasawa, lakini tofauti ya namna hiyo haiwezi kuelezwa kwa vipimo peke yake. Ndiyo maana habari ya kupunguza wanga, yaani kula ugali, wali, ndizi na mkate kwa uchache, na kuacha sukari kabisa, imeenea upesi katika nyumba nyingi; na ndani ya habari hiyo limezaliwa swali dogo lenye matata makubwa: chai tutainywaje?

Shangazi yangu wa Kibosho, aliyezoea chai ya maziwa vikombe vitatu kwa siku, aliambiwa na tabibu kwamba ana kisukari na kwamba yampasa kupunguza wanga. Nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta jikoni. Nilimwamkia, akaniitikia, “Marahaba, mwanangu,” kisha akaniambia kwa furaha ya mtu aliyeshinda vita, “Sukari nimeiacha tangu Kwaresima. Siku hizi nakunywa kwa asali.” Akachovya kijiko katika chupa, akakiinua kikiwa kimetuna kwa asali nzito ya rangi ya kahawia, akakizungusha mpaka uzi wake ukakatika, akakitumbukiza kikombeni, halafu akachovya tena. Wahenga walisema kwamba mchovya asali hachovyi mara moja, na ingawa walikuwa na maana nyingine, siku ile msemo ulitimia kwa dhahiri yake.

Asali ni neema, na sina neno baya la kuinenea. Lakini takriban sehemu nane katika kila kumi za uzito wake ni sukari tupu, na kwa kuwa ni nzito, kijiko kimoja cha chai cha asali hubeba gramu tano au zaidi za sukari, ilhali kijiko cha sukari ya dukani hubeba gramu nne. Shangazi, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameongeza alichodhani ameacha. Kadhalika sukari guru, ambayo ni maji ya miwa yaliyochemshwa mpaka yakaganda. Kadhalika sukari ya rangi ya kahawia, ambayo watu huiheshimu kwa rangi yake. Kadhalika tende zilizosagwa. Hivi vyote vina ladha zake na heshima yake, lakini mwilini mwa mgonjwa wa kisukari vyote huingia kwa mlango uleule. Kitu cha asili si lazima kiwe kitu kisicho na sukari, kwani muwa nao umeota ardhini.

Baada ya asali huja makopo. Katika maduka makubwa ya Moshi zipo sasa rafu za vitamu mbadala, na bei ya kopo dogo huweza kutosha kununua kilo kadhaa za sukari. Kilicho kikongwe kuliko vyote ni sakarini, iliyogunduliwa mwaka 1879 huko Baltimore na mkemia Constantin Fahlberg, aliyeketi kula bila kunawa mikono vizuri baada ya kazi akaona mkate wake umekuwa mtamu ajabu. Nayo huacha uchungu wa chuma mwishoni mwa ulimi. Aspatami ina utamu kama mara 200 ya sukari, lakini haistahimili moto mrefu, na hili ni jambo la kuzingatiwa na sisi tunaochemsha maji, majani na maziwa pamoja katika sufuria moja mpaka yafure: atakayeitia sufuriani atapoteza utamu na fedha zake, maana mahali pake ni kikombeni, chai ikishamiminwa. Wengi waliiogopa mwaka 2023, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walipoiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani; lakini wataalamu wa chakula wa shirika hilohilo hawakubadilisha kiwango chake cha siku, ambacho mtu wa kilo 70 angekifikia kwa kunywa makopo tisa au zaidi ya soda yenye kitamu hicho. Hofu hiyo, kwa maoni yangu, ilivuka mpaka.

Ninayoulizwa zaidi ni stevia, kwa kuwa ni jani. Asili yake ni Paraguay, ambako Waguarani walilitumia tangu zamani kutia utamu katika vinywaji vyao vichungu, na leo hulimwa hata kwa jirani zetu wa Kericho nchini Kenya. Dondoo lake lililosafishwa, ambalo ndilo lililoruhusiwa Marekani mwaka 2008 na Ulaya mwaka 2011, halipandishi sukari ya damu. Ladha yake haipendezi kila mtu, maana hukawia kinywani kama mzizi wa urukususu. Mimi kama ningelazimishwa kuchagua kimoja kwa ajili ya mgonjwa wa nyumbani kwangu, ningechagua hicho, kwa sharti moja: kiwe stevia kweli. Kwa sababu utamu wa vitu hivi ni mkali mno, chembe yake haionekani kijikoni, na hivyo viwanda huichanganya na unga wa kujazia, na mara nyingi unga huo ni glukosi au maltodekstrini, navyo ni wanga mtupu. Kwa kikombe kimoja si kitu; bali kwa mnywaji wa vikombe vinane, aliyeambiwa na picha ya jani la kijani kwamba anakunywa jani, ni udanganyifu. Kinachotajwa kwanza katika orodha ya viambato ndicho kilicho kingi, na picha ya mbele haina sheria hiyo.

Zipo pia biskuti na chokoleti zinazouzwa kwa jina la wagonjwa wa kisukari, nyingi zikitiwa maltitoli, ambayo hupandisha sukari ya damu, ijapokuwa kwa kiasi pungufu, na ikizidi huchafua tumbo, fauka ya unga wa ngano wa biskuti yenyewe. Erithritoli haipandishi, lakini tangu mwaka 2023 watafiti wameihusisha na maradhi ya moyo, bila ya kuthibitisha bado kwamba ndiyo sababu. Mwenye moyo dhaifu na afanye hadhari.

Hata hivyo ningekuwa nimemdhulumu msomaji kama ningemwacha hapa kati ya rafu, akilinganisha kopo na kopo. Mwezi Mei mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kushauri watu wasitegemee vitamu visivyo na sukari kwa ajili ya kupunguza uzito, kwa kuwa katika muda mrefu faida yake haikuonekana. Mwongozo huo haukuwalenga wale ambao tayari wana kisukari, na ni haki kulisema hilo. Lakini umegusa jambo ambalo kila mpishi analijua, kwamba ulimi uliozoeshwa utamu huendelea kuudai, uwe wa miwa au wa maabara. Nimemwona mtu katika mgahawa wa mjini akitoa mfukoni kijikopo chake cha vidonge, akadondosha viwili katika chai kwa uangalifu wa mfamasia, kisha akavuta sahani ya ndizi nyama iliyojaa pomoni na chapati mbili pembeni. Chai yake ilikuwa safi. Wanga ulikuwa sahanini, nao hugeuka sukari tumboni hata kama ulimi hauonji utamu. Na katika vibanda vya juisi, parachichi, tunda la vihamba vyetu lenye mafuta mema na sukari kidogo kuliko karibu matunda yote, husagwa pamoja na vijiko vitatu vya sukari bila ya mnywaji kuulizwa. Ningependa wauzaji wetu wajifunze kuuliza kwanza.

Wala isisemwe kwamba uchungu ni kitu kigeni kwetu. Wachaga walipopika mbege kwa ndizi mbivu na ulezi hawakuuacha utamu wa ndizi utawale, bali walitia gome la msesewe ili kuupa kinywaji uchungu wake wa heshima, na mzee aliyeonja mbege tamu kupita kiasi alijua kwamba haijawa tayari. Watu wa pwani nao hunywa kahawa chungu katika vikombe vidogo visivyo na mkono, na anayetaka utamu huumega pembeni, kipande cha kashata au tende moja, ili kila kimoja kijulikane kwa jina lake na kwa kadiri yake. Kahawa hiyo imeota katika mlima wetu tangu mapadri wa Kilema walipoipanda mwishoni mwa karne ya 19. Chama chetu cha ushirika cha KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933, kimeiuza nje. Nasi wenyewe tumebaki na chai ya vijiko vinne. Utamu huu mwingi wa chai si mila ya mababu. Ni mazoea ya juzi, na mazoea ya juzi yanaweza kuachwa.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: sukari mbadala ni utamu wa kuazima, na kitu cha kuazima hurudishwa. Anayehitaji kuvuka aitumie kuvukia, akichagua iliyo safi, akiitia kikombeni kwa kiasi kinachopungua kila wiki, huku akijipima kidoleni kabla ya kula na saa mbili baadaye, maana kipimo hakidanganywi na picha ya jani. Na baada ya wiki chache ataona kwamba maziwa yenyewe yana utamu ambao hakuwahi kuusikia. Asiyeweza kuiacha kabisa asilaumiwe, kwani kitone cha stevia ni afadhali mara elfu kuliko vijiko vinne vya sukari. Nao wenye mamlaka ya viwango, TBS, tangu walipokabidhiwa usalama wa chakula mwaka 2019, wana uwezo wa kutufanyia hisani moja kubwa, nayo ni kulazimisha viambato vya makopo haya viandikwe kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka, ili mama wa Kibosho asitegemee mpwa wake kumsomea.

Limebaki jambo moja, nalo nalisema kwa uchungu kwa kuwa nililishuhudia. Shangazi alipoacha asali na kupunguza ndizi na ugali, hakurudi kumwambia tabibu wake kwamba ameanza, naye aliendelea kumeza kama kawaida vidonge vinavyoisukuma kongosho kutoa insulini. Asubuhi moja alitoka jasho baridi, mikono ikamtetemeka, maneno yakamchanganyika. Binti yake, akijua kwamba mama anahitaji kitu kitamu, alimkorogea haraka chai yenye stevia nyingi. Akanywa. Haikusaidia kitu, na haikuweza kusaidia, kwa kuwa saa ile mwili hautafuti ladha ya utamu, unatafuta sukari yenyewe. Jirani aliyesikia kelele ndiye aliyekuja na vijiko vinne vya sukari ya kawaida vilivyokorogwa katika maji, na baada ya robo saa shangazi akatuuliza kwa nini tumemzunguka. Anayepunguza wanga ilhali anatumia insulini au vidonge vya namna hiyo na aende kliniki kwanza, apunguziwe dawa kwa kipimo.

Siku hizi shangazi hunywa chai ya maziwa isiyotiwa kitu ila tangawizi. Kopo la stevia limekwisha na hakununua jingine. Katika kabati, nyuma ya vikombe, ipo pakiti ndogo ya sukari ya TPC iliyofungwa fundo, na watoto wote wa nyumba ile wanajua ilipo na wanajua ni ya saa gani.