Nyumba Njema si Mlango

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, bali fungua uingie ndani. Maneno hayo yawapasa sana watu ambao, baada ya kuweka akiba miaka mingi au kupokea kiinua mgongo, hununua nyumba za kupangisha mjini. Wengi hutazama rangi ya ukuta na hesabu ya kodi. Wachache hutambua kwamba anayenunua nyumba yenye watu hununua pia mapatano ya watu hao, na kila kasoro aliyoiacha mwenyewe wa kwanza.

Na achukuliwe mfano wa karani aliyestaafu, akanunua jengo la vyumba kumi huko Nairobi, kila chumba shilingi 2,000 kwa mwezi, na duka moja upande wa mbele. Mwezi wa kwanza haujaisha, aona vyumba vinne havikulipiwa. Wapangaji wasema hawalipi kwa sababu paa lavuja na choo kimejaa. Juma lifuatalo Bwana Afya aja, akagua, aacha notisi. Karani awaza: "Nikiwafukuza hawa, nitapata nafasi ya kutengeneza, na ugomvi wa kodi utakwisha." Basi anunua makufuli manne, na kumwita fundi aje kung'oa mabati.

Hapo ndipo mtu mwema agezukapo mkosaji. Sheria ya Kenya ya mwaka 1959 ya kudhibiti kodi huwalinda wapangaji wa nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Mpangaji wa namna hiyo hatolewi kwa kufuli wala kwa kung'olewa paa; hutolewa kwa amri, baada ya shauri kusikilizwa na baraza lililowekwa kwa kazi hiyo. Tena kumsumbua mpangaji makusudi ili ahame ni kosa. Hata pale kodi ipitapo kiasi hicho, anayelipa kwa mwezi hupewa notisi isiyopungua mwezi mmoja, na akikataa kutoka, njia ni ya mahakamani.

Mwenye duka naye ana ulinzi wake katika sheria ya mwaka 1965. Ikiwa mapatano yake hayakuandikwa, au yameandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano, mwenye nyumba hana budi kumpa notisi kwa fomu iliyowekwa, isiyopungua miezi miwili, na kutaja sababu. Kutaka kubomoa au kujenga upya ni sababu inayokubaliwa, ikionekana kwamba kazi haiwezi kufanyika mpangaji akiwamo. Lakini mpangaji akipeleka shauri barazani kabla ya siku ya notisi kufika, notisi hiyo husimama hadi baraza liamue.

Kuhusu notisi ya Bwana Afya, karani asema, "Choo hiki sikukijenga mimi." Ni kweli, lakini haimwokoi. Sheria ya afya ya umma yasema kwamba kero ikitokana na upungufu wa jengo lenyewe, notisi hupewa mwenye nyumba. Asipoitii, aweza kushtakiwa, na mahakama yaweza kuamuru nyumba isiyofaa watu isikaliwe hadi itengenezwe. Wakati huo atakuwa hana kodi hata ya vile vyumba sita vilivyokuwa vikilipa.

Wala kanuni za ujenzi si maneno ya kuwasumbua matajiri tu. Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo la ghorofa la wapangaji lilianguka huko Huruma, Nairobi, likaua watu zaidi ya 40. Kwa miaka mingi majengo ya Kenya yaliongozwa na kanuni za mwaka 1968. Kanuni mpya za taifa zilitolewa mwaka 2024. Ufa katika nguzo hauulizi ni nani aliyekuwa mwenyewe siku saruji ilipopunguzwa.

Basi karani afanye nini? Kwanza, aanze na choo na paa, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyo katika notisi, na ndiyo yaliyomnyima kodi. Aonapo ufa katika nguzo au boriti, asimwite fundi wa lipu auzibe, bali mhandisi aupime. Pili, aketi na wale wanne, deni liandikwe, na kila mmoja akubali kulipa kidogo kidogo. Chumba kikihitaji kuachwa wazi kwa kazi, amhamishe mpangaji katika chumba kingine kwa muda uliotajwa kwa maandishi. Tatu, atakayekataa kulipa hata baada ya paa kuezekwa, apelekwe barazani, na stakabadhi zote ziwepo.

Wapangaji nao wasijidanganye. Kuvuja kwa paa hakufuti deni. Mwenye malalamiko ya matengenezo apaswa kuyafikisha barazani, wala si kukaa bure na kungoja ugomvi. Pesa zisizolipwa ndizo ambazo zingenunua mabati.

Na kwa yule ambaye fedha zake zingali benki, yapo mambo matatu ya kuuliza kabla ya kutia sahihi: ramani za jengo zilizoidhinishwa na serikali ya kaunti zi wapi, wapangaji ni akina nani, na amana zao ziko mikononi mwa nani, tena, je, iko notisi yoyote ambayo haijatimizwa? Muuzaji akisitasita katika moja, bei si rahisi kama ionekanavyo. Hatimaye aende kuitazama nyumba siku ya mvua, aingie kila chumba, na kutazama juu.