Kukesha si ratiba, muulize sisimizi

Wewe unayetengeneza programu za kompyuta ndani ya bedsita hapa Tena, hebu tuongee. Mteja ametoa nusu ya pesa na anataka mfumo wa duka lake ukamilike kufikia mwisho wa mwezi. Mko watatu. Kila mtu anaanza na kazi anayoipenda, halafu wiki ya mwisho mnakesha. Nyinyi mnaita hiyo kujituma. Mimi naiita ratiba mbovu.

Shida si uvivu. Kazi kumi tu zinaweza kufuatana kwa njia 3,628,800. Hata ukiondoa zisizowezekana, kama kujaribu malipo ya M-Pesa kabla hayajaunganishwa, zinazobaki ni nyingi kuliko kichwa chako kinavyoweza kupima.

Sisimizi wana dawa. Akipata chakula, huacha harufu njiani. Njia fupi hupitwa upesi, harufu yake inazidi, na wenzake wanaifuata. Mwaka 1992, Marco Dorigo aliigeuza tabia hiyo kuwa algoridhimu katika tasnifu yake ya uzamifu huko Milan, Italia. Watafiti wameshaitumia kupanga miradi ya programu: kila sisimizi wa kompyuta anapendekeza nani afanye nini na lini. Ratiba inayomaliza mapema inapata harufu zaidi, kisha wanarudia tena na tena. Python ni ya bure, na laptopu yako inatosha.

Lakini kuna jambo wengi huruka: harufu huyeyuka. Isingeyeyuka, wote wangeng'ang'ania njia ya kwanza waliyoizoea. Hapo ndipo sisi hukwama. Unasema ukurasa wa kuingia ni kazi ya siku mbili kwa sababu ulisema hivyo mwaka jana. Na mwaka jana ulichukua siku tano!

Kompyuta haitakuokoa ukiilisha uongo. Kwa hivyo anza na daftari. Andika saa halisi za kila kazi, pamoja na ile jioni stima ilipotea. Mradi ukiisha, tupa makadirio ya zamani, weka mapya. Fanya hivyo kwa miradi mitatu, kisha waachie sisimizi wapange.

Mteja akiuliza kazi itaisha lini, utampa tarehe unayoweza kuitetea. Huyo ndiye atakayekuletea mteja wa pili. Macho mekundu hayalipi kodi ya nyumba.