Ndoa Haistaafu: Waacheni Wazee Waende Uwanjani



Wapendwa waamini, juma hili mtuvumilie, kwa maana tutasema kwa ukali kuliko desturi yetu.

Jumamosi moja, majuma machache kabla ya msimu wa ligi kuanza, wazee wawili wa hapa Gungu, mume na mke, wote wastaafu, walifunga mlango wa nyumba yao baada ya chakula cha mchana, wakapanda bajaji na kwenda Uwanja wa Lake Tanganyika kutazama mechi ya kirafiki ya Mashujaa. Baba alivaa kofia yake ya Dominika. Mama alichukua mwavuli na karanga za kutafuna. Mechi yenyewe haikuwa na kombe wala pointi. Mwalimu wa timu alikuwa akiwajaribu wachezaji wapya, huyu anaingia, yule anatoka. Wazee walikaa hadi filimbi ya mwisho, wakarejea nyumbani jua likizama upande wa Kongo. Habari yote ndiyo hiyo.

Hata hivyo, Dominika iliyofuata, kabla hatujavua mavazi ya Misa, tulikwisha kupokea mashtaka matatu juu yao. Tunayajibu hapa hadharani, kwa kuwa hadharani ndiko yalikosemwa.

Shtaka la kwanza: mtu aliyekaribia kaburi ashike rozari, si kushangilia mpira. Tunauliza, ni nani aliyewafundisha kwamba rozari na mpira ni maadui? Wazee hao tuliwaona katika Misa ya kwanza, benchi lile lile la siku zote. Tarehe 29 Oktoba 2000, katika Jubilei ya Wanamichezo, Papa Yohane Paulo II, mzee wa miaka 80, aliadhimisha Misa katika Uwanja wa Olimpiki wa Roma, kisha akabaki kutazama mpira. Papa Leo XIV naye, mwaka 2005, kabla hajawa askofu, alikuwa miongoni mwa watazamaji mjini Chicago timu yake ya besiboli, White Sox, ilipocheza fainali. Na nabii Zekaria alipoonyeshwa Yerusalemu iliyokombolewa, hakuwaona wazee wamefungiwa chumbani. Aliwaona wameketi nje na mikongojo yao, wake kwa waume, na watoto wakicheza mbele yao. Uwanja wetu siku ile ulifanana na maono hayo kuliko nyumba zetu nyingi.

Shtaka la pili: fedha. Inasemekana kiingilio na nauli vingetosha kununua madaftari ya wajukuu. Hapa ndipo tunapokasirika. Mtumishi wa umma kwa kawaida hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Amesomesha, amejenga, amezika na kuozesha. Kiinua mgongo kikitoka, watoto wanafika na mahesabu tayari: huyu anataka pikipiki, yule mtaji wa mawese, wa tatu ada. Fedha zikiisha, wazee wanaachiwa wajukuu wanne na ufunguo wa geti. Tumewageuza wazazi wetu kuwa walinzi na yaya wasio na mshahara, halafu tunauita utumwa huo heshima. Wajukuu ni baraka, na bibi anayewalea kwa furaha anafanya kazi takatifu. Lakini baraka isiyomruhusu mtu kutoka nje ya ua hata alasiri moja imekwisha kuwa kifungo. Amri ya Nne inatuagiza kuwaheshimu baba na mama. Haikutupa mamlaka ya kuwagawia matumizi.

Shtaka la tatu ndilo lililotuhuzunisha zaidi: mama mtu mzima anatafuta nini jukwaani? Tulimwuliza mwenyewe. Alicheka, akasema, “Baba Paroko, hata kuotea sikujui. Miaka yote ya kazi, mwenzangu akiingia zamu mimi natoka. Tulikuwa tunapokezana mlango tu. Sasa nimekaa naye dakika tisini bila mtu kutuita.”

Wapendwa, tuliposikia hayo tuliona aibu. Sisi mapadre tunahubiri Sakramenti ya Ndoa kwa wachumba kwa miezi, tukiisha kuwabariki tunawasahau, hadi siku tunapoitwa kuwapaka Mafuta ya Wagonjwa. Ni nani aliyewahi kuwaambia waliodumu miaka arobaini kwamba ahadi yao ya kupendana ingali na kazi ya kufanya? Mwajiri anaweza kumstaafisha mtu, ndoa haistaafu.

Mnakumbuka Dominika ya tarehe 25 Julai 2021. Mji wetu ulifurika wageni, Simba na Yanga zikicheza fainali ya Kombe la Shirikisho hapa Kigoma, na Simba wakashinda bao 1 kwa 0. Siku hiyo hiyo Mama Kanisa aliadhimisha kwa mara ya kwanza Siku ya Kimataifa ya Mababu na Wazee, iliyoanzishwa na Papa Fransisko. Tarehe ya fainali wengi wetu tunaijua kwa kichwa; ile ya pili ni wangapi tunaoikumbuka? Sherehe mbili ziliangukia siku moja katika mji mmoja, nasi tukajifunza moja tu.

Hatusemi kila kinachotendeka uwanjani ni chema. Kubeti kunakomaliza unga wa nyumba, ulevi na matusi, hayo tutaendelea kuyakemea, na mpira hauwi kamwe udhuru wa kukosa Misa ya Dominika. Lakini wazee wale hawakubeti, hawakulewa, hawakumtukana mwamuzi. Walitafuna karanga pamoja.

Basi tunaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo jambo moja. Kabla ya mechi ijayo, kila familia yenye wazee iwaulize wanapenda kwenda wapi: uwanjani, ufukweni kupunga upepo, Ujiji kuwaona ndugu. Mjukuu abaki na mama yake siku hiyo. Na mkiwakuta wazee jukwaani, msinong'one. Sogeeni, wapate kuketi.

Tunawatakieni Dominika njema. Mungu awabariki.