Jirani Haulizwi Kaburi la Babu Yake

Kuna swali linalorudi katika mitaa ya Lubumbashi kila kura zinapokaribia au kazi zinapopungua: «Wewe, kwenu ni wapi?» Huulizwa kwa tabasamu. Lakini sisi tunaokaa Katuba, Kenya na Ruashi, tukiwa wachache katika barabara zetu, tunajua linakoelekea. Halitaki kujua tulikozaliwa. Linataka kutuambia kwamba hata nyumba tuliyoijenga kwa jasho letu tumepanga tu, na kwamba mwenye nyumba ni kabila.

Hoja hiyo tunaikataa.

Kwanza, haijui historia. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na shaba ilihitaji mikono. Union Minière ilitafuta wafanyakazi Kasai, Rwanda, Burundi na ng'ambo ya mpaka, Rodezia ya Kaskazini. Mwaka 1928 reli ikafika Port-Francqui, Ilebo ya leo, na Kasai ikaunganishwa na migodi. Wazee wetu hawakuvamia, waliitwa. Hata Kiswahili tunachoulizana nacho hakikuwa lugha ya kabila lolote la hapa. Kilistawi kwa sababu majirani wasiofanana walihitaji kuelewana.

Pili, hoja hiyo imekwisha kujaribiwa. Katika uchaguzi wa komini wa mwaka 1957, wengi waliochaguliwa kuziongoza walitoka nje ya Katanga. Badala ya kuwauliza wamefanya nini, watu waliulizwa wakuu hao wametoka wapi. Kisha mwaka 1992 na 1993 Wakasai wakaitwa «bilulu», yaani wadudu. Maelfu kwa maelfu walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Wengi walifia kwenye vituo vya treni, wakingoja behewa la kuwapeleka «kwao», mahali ambapo wengine hawakuwahi kupaona. Anayempa jirani jina la mdudu amekwisha kuandaa mguu wa kumkanyaga.

Je, wenyeji walishiba? Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilikuwa tayari imeporomoka, na mgodi wa Kamoto ulikwisha kubomoka mwaka 1990. Aliyefukuza jirani alibaki na kiti chake kitupu, si na mshahara wake.

Tutajibiwa kwamba wageni walipata vyeo, na mtoto wa kijiji cha karibu akaachwa nyuma. Malalamiko hayo hatuyadharau, kwa maana ukoloni uligawa shule na kazi bila haki. Lakini dawa ya upendeleo si upendeleo wa zamu. Katiba ya mwaka 2006 inakataza ubaguzi wa kabila katika kifungu cha 13, na kifungu cha 30 kinampa kila mtu haki ya kuchagua makao yake nchini. Haki hiyo si fadhila ya wenyeji.

Nasi tulio wachache, tusijifanye watakatifu kwa sababu ya uchache wetu. Chama cha kabila kinachozika maiti na kulea yatima ni chema. Kinachoamuru nani apewe kura, nani apewe kazi na nani aolewe na nani, kinajenga ukuta uleule kwa upande wa pili. Anayebaguliwa barabara hii huwa ndiye wengi barabara ya tatu. Huko ndiko atakakopimwa.

Basi tudai mambo yanayoonekana. Mwenye nyumba amuulize mpangaji kodi, si kabila. Mkuu wa mtaa asikilize kesi bila kutazama jina. Mgombea anayetaja «wageni» jukwaani akose kura zetu, hata akiwa ndugu yetu wa damu. Na katika jumuiya zetu, msiba wa aliye peke yake uwe wa kwanza kujaa watu. Tunaokula mkate mmoja kila Dominika hatuna ruhusa ya kugawana Jumatatu kwa makabila.