Malaika wa Mahakama ya Marekani

Wiki iliyopita, katika kipindi cha asubuhi redioni, mwanasheria mmoja mwenye sauti nzito alituhubiria. Taabu ya mahakama zetu, alisema, ni majaji wanaokula sahani moja na wanasiasa; tuwaige Wamarekani, ambao waasisi wao waliikabidhi haki kwa watu wasioijua siasa. Akamtaja John Marshall. Mtangazaji akaitikia "kabisa, kabisa", kisha tukamwagiwa matangazo ya sabuni.

Hadithi hii imenichosha. Hakuna kongamano la sheria lenye chai na posho lisilokuwa na mtu wa kuisimulia, na hakuna anayenyoosha mkono kuuliza huyo Marshall alikuwa nani hasa.

Alikuwa mwanasiasa, tena wa moto. Alizaliwa Virginia mwaka 1755, akapigana vita vya uhuru, akakaa katika baraza la kutunga sheria la jimbo lake, akatumwa Ufaransa kama mjumbe wa serikali, akagombea ubunge wa taifa akashinda. Mwaka 1800 Rais John Adams akamfanya Waziri wa Mambo ya Nje. Adams alipobwagwa na Thomas Jefferson, alianza kuijaza mahakama watu wa chama chake kabla hajafunga virago, na Januari 1801 akamteua waziri wake huyo kuwa Jaji Mkuu. Marshall akaapa Februari, lakini uwaziri akaendelea nao mpaka Adams alipoondoka Machi. Jaji Mkuu na waziri kwa wakati mmoja! Angethubutu hivyo jaji wa Dodoma au Nairobi, yule bwana wa redioni angepasuka mishipa ya shingo.

Sasa sikilizeni uhondo wenyewe. Siku hizo za lala salama Adams aliteua pia mahakimu wadogo wa mji mkuu. Hati zao zilisainiwa zikapigwa lakiri, na mwenye lakiri alikuwa Marshall. Baadhi zikalala ofisini kwake bila kuwafikia wenyewe. Jefferson alipoingia, akaamuru zisitolewe. Mmoja wa walioikosa hati, William Marbury, akaenda Mahakama ya Juu. Nani aliongoza jopo? Marshall. Kesi ya nyani akapewa ngedere: aliyeshindwa kupeleka barua ndiye aliyeamua kesi ya barua isiyopelekwa. Hata ushahidi wa kiapo kuhusu hati hizo ulitolewa na James, ndugu yake mwenyewe.

Hukumu ikatoka Februari 1803. Marbury ana haki, serikali ya Jefferson imekosea, ila mahakama haiwezi kumsaidia kwa sababu kifungu cha sheria ya mwaka 1789 alichokitegemea kinapingana na katiba. Jefferson akakemewa hadharani, wala hakuachiwa amri ya kuikaidi. Hapo ndipo mahakama hiyo ilipojipa uwezo wa kufuta sheria za Bunge, uwezo ambao mawakili wetu huuimba hadi leo. Ulizaliwa na mwanasiasa aliyekuwa akimpiga chenga mwanasiasa mwenzake.

Kuna aliyenijibu kwamba Marshall alikuwa mtu mnyenyekevu, akienda mwenyewe sokoni Richmond na kikapu mkononi. Vizuri. Mama zetu wote wangekuwa Mahakama ya Rufani. Mnyenyekevu huyo alimiliki watumwa wengi, na mwaka 1807, kabla ya kusikiliza kesi ya uhaini ya Aaron Burr, alikula chakula nyumbani kwa wakili wa Burr, mshtakiwa mwenyewe akiwa mezani.

Waliomtangulia? John Jay, Jaji Mkuu wa kwanza, alivuka bahari mwaka 1794 kwenda kujadiliana mkataba na Waingereza akiwa bado na cheo chake, kisha akaacha ujaji akawa gavana wa New York. Oliver Ellsworth naye alitumwa Ufaransa akiwa Jaji Mkuu. Hao ndio watu wasioijua siasa.

Na msiniambie kwamba enzi zile jaji kujitoa katika kesi lilikuwa jambo lisilojulikana. Siku sita baada ya hukumu ya Marbury, mahakama hiyohiyo iliamua kesi ya Stuart dhidi ya Laird. Marshall hakushiriki, kwa kuwa aliwahi kuisikiliza katika ngazi ya chini. Mlango wa kutokea aliujua vizuri. Kwa Marbury hakuutafuta, na Marbury mwenyewe uhakimu wake hakuupata kamwe.